Kikombe Chini ya Karburatere

Juu ya meza yangu pale depo, ghala langu la ufukoni, karibu na mizani, kuna kikombe cha shaba, kizito, kipana kama kiganja cha mwanaume. Ubavuni, chini kabisa, kina tundu dogo lenye shingo iliyopinda juu, ambalo hata kidole cha mutoto hakiingii. Wateja wanazimia sigara ndani yake na mimi siwakatazi. Mununuzi mmoja wa vyuma vikuukuu alitaka kukipima kwa kilo, nikamuonyesha mulango. Lakini juzi mjukuu wangu alikishusha mezani, akajaza mchanga na maji, akakoroga kwa kijiti, halafu akaja mbio kunilisha mimi, bibi yake, ugali wake wa mchanga: "Kambo, kula, bukari imeiva!"

Nilimunyang'anya kwa nguvu hata akalia, na vijana wangu wa boti wakatazamana. Walifikiri uzee umenipanda kichwani.

Basi nitaeleza. Shule sikusoma sana. Masista walinifundisha kuandika jina langu na kuhesabu, mengine nilijifunza kwa jua na mgongo. Ninaandika kama ninavyosema, na anayeona makosa ayasahihishe kwake. Boti ninazo, zina jina langu ubavuni, na hakuna mwanaume aliyenipa hata msumari. Ninyi wa umri wangu mtanielewa, ninyi mliokua wakati wa Zaire, tulipoitana Sitoyen, baba zetu walipovaa abakosi, lile koti lisilo na tai, siku za sikukuu, na maduka waliyonyang'anywa Wagiriki pale mjini yalibaki na rafu tupu na mtu mmoja anasinzia nyuma ya meza.

Papa alikuwa na boti ya mbao, ndefu, motere, yaani injini, katikati ndani ya sanduku. Ilikuwa ya Mugiriki aliyeondoka bila kuaga. Papa, aliyekuwa baharia wake, akabaki nayo. Alibeba ndagala zilizokaushwa, mafuta ya mawese na mihogo, akateremka hadi Moba, na mwezi ukiwa mzuri akavuka ziwa hadi Kigoma kuleta sabuni na chumvi. Tulikula kwa boti ile. Tulivaa kwa boti ile. Mama aliposema "muke mwenzangu anakuita" kumwambia Papa, alimaanisha boti.

Motere ilikuwa ya esansi, yaani petroli, ya kizamani, ya kuwashwa kwa manivela, ule mkono wa chuma wa kuzungusha. Na karburatere yake, kwa asiyejua, ndicho kile chombo kinachochanganya esansi na hewa kabla motere haijala, ilikuwa ya shaba tupu, mdomo wake umetazama chini kama mtu anayetapika. Chini ya ule mdomo ndipo kikombe hiki kilipokaa. Mrija mwembamba ulitoka kwenye tundu lake na kurudi ndani ya motere. Kwa nini, hakuna aliyejua. Mugiriki hakueleza, Papa hakuuliza.

Karburatere ilikuwa imelika. Motere ilikohoa, ikazimika mahali pabaya. Siku moja ilizimika mbele ya mawe upande wa kusini, mawimbi yanasukuma, Mama yumo ndani na magunia yake. Papa alizungusha manivela mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Waliponea kwa makasia. Mama alipofika nyumbani alikaa mulangoni na kanga yake yenye maji, na Papa akaapa mbele yetu kwamba hatampandisha tena mke wake katika boti yenye moyo mubovu.

Kwa hiyo alipokuja Jikleri, tulimpokea kama malaika.

Jikleri ni jina la kile kitundu ndani ya karburatere kinachopitisha esansi. Jina lake la kweli silitaji. Alishuka kwenye treni akitoka Lubumbashi, kijana mrefu, suruali pana chini, na mdomo usiofungwa. Katika mfuko wake kulikuwa na boksi, na ndani ya boksi karburatere mupya, nyeupe, inang'aa kama meno. Haikutengenezwa na waliotengeneza motere yetu. Ilikuwa ya kuiga, ya magari, ya kila mtu.

"Papa Feza," alisema, maana mimi njo Feza, muzaliwa wa kwanza, "ile ya yako si karburatere. Ni chungu ya mababu. Hii njo karburatere."

"Itaingia?" Papa akauliza.

"Ikikataa, nitaiingiza. Motere ni kama bibi muzee. Unamupatia nguo mupya, anasahau magoti yake."

Papa alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa boti, miguu ndani ya maji, na nilimpenda Jikleri wakati uleule, kama mutoto anavyompenda mtu anayemchekesha baba yake.

Haikuingia. Mashimo ya parafujo hayakukutana, na mdomo wa mupya ulitazama juu. Jikleri akapindua bomba la hewa juu chini. Akataka bamba laini la kuunganisha, akazunguka nyumbani kwetu akigonga vyombo, mwisho akatoka na kifuniko cha sufuria kubwa ya Mama.

"Weye kijana! Kifuniko changu!"

"Mama Feza, utapika bila kifuniko. Lakini safari ijayo utafika Kigoma mbele ya bukari kuiva hapa."

"Na wewe utakula hiyo bukari yenye moshi?"

"Nitakula, Mama. Nitalamba na sufuria."

Alikikata kwa msumeno, akatoboa, akasugua kwa tupa. Katikati ya vyuma akaweka karatasi ngumu ya boksi la sabuni, akaipaka sabuni pande zote mbili, maana esansi haiwezi kuyeyusha sabuni. Kazi yake ilikuwa safi. Hilo ninalisema mpaka leo: mikono yake haikuwa ya kudanganya.

Ndipo Papa akaokota kikombe. "Na hiki kinakwenda wapi?"

Jikleri alikigeuza, akapuliza ndani ya tundu, akacheka. "Hii ni kikombe ya kuomba sadaka. Ile chungu yako ilikuwa inatoa mate kama mutoto anayeota meno, kwa hiyo wakaifunga kitambaa cha shingo. Hii mupya haitoi mate. Feza, chukua, upikie bwana yako!"

Akanirushia. Niliikamata shaba ile kifuani kwa mikono miwili, ikanipiga mfupa, na sikusikia maumivu kwa furaha. Nilikuwa na sufuria yangu mwenyewe. Tangu saa ile nilipika mchanga kila siku ukingoni, boti ikiwa mbele yangu.

Motere ikawaka kwa mzunguko mmoja. Watu wote wa ufukoni walipiga kelele. Papa aliipeleka hadi mulangoni mwa mto Lukuga na kurudi, akasimama nyuma kama governere, na aliporuka majini alimkumbatia Jikleri akamnyanyua. "Inaimba! Mumesikia? Inaimba!"

Kweli iliimba. Kwa vile iliimba, hakuna aliyeisikiliza ikiwa imenyamaza.

Tanki la esansi lilikaa mbele, juu kuliko motere, na Papa alizoea kuacha robine, yaani koki yake, wazi. Mugiriki aliiacha wazi, Papa akaiacha wazi. Boti ilifungwa kwenye mti wake majini, ziwa likaitikisa mchana na usiku kama mama anavyotikisa bebe mgongoni. Gari halitikiswi hivyo. Lakini nani angefikiria gari na maji pamoja?

Harufu ilianza polepole. Mimi niliipenda. Ilikuwa tamu puani, kali kidogo, na niliposhuka ndani ya boti kuchota maji ya kupikia mchanga wangu ilinipandisha kichwa kwa raha. Niliamini njo harufu ya motere iliyoshiba. Papa alisema motere ya zamani ilikuwa na njaa na hii inakula vizuri. Na mimi nilijua mtu aliyeshiba ananuka chakula.

Mama alikuwa na mimba, tumbo limeshaanza kumtangulia. Alifika kuleta chakula cha kazi, akaweka mguu ndani ya boti, akaurudisha.

"Papa Feza, boti inanuka."

"Inanuka samaki tangu Mugiriki."

"Si samaki. Esansi. Mpaka kooni."

"Jana ulisema muhogo unanuka. Juzi ulisema mimi ninanuka." Akamgeukia Jikleri. "Mimba hii itanifukuza nyumbani."

Jikleri akacheka, lakini kwa heshima. "Mama, motere ya esansi lazima inuke esansi. Ikinuka pafyumu, hapo uniite."

Mama alitema mate majini, akaenda. Alikuwa ametapika ugali, ametapika matembele, ametapika hata maji. Nani angemsikiliza? Hata yeye mwenyewe, aliniambia baadaye nilipokuwa mwanamke, alianza kufikiri pua yake imeharibika.

Halafu nikaona upinde wa mvua.

Ilikuwa asubuhi, jua limeingia kati ya mbao. Chini kabisa ya boti, pale maji yanapokusanyika na kunuka, rangi zilikuwa zimelala: nyekundu, njano, kijani, zambarau, zinazunguka polepole kama zina uhai. Nilikaa nikichuchumaa nikitazama mpaka miguu ikachoma. Wiki zile katekista alikuwa anatufundisha habari ya Nuhu, mtu wa boti kama Papa. Alituambia Mungu aliweka upinde kama sahihi yake, na mimi nikaelewa kwamba boti na watu wake hawataangamia kamwe. Nilitoka mbio mchangani.

"Papa! Papa! Mungu ameweka upinde ndani ya boti yetu!"

Papa alikuwa anashona tanga na katekista mwenyewe amekaa pembeni, muzee mwenye magoti mabovu na sauti ya kengele. Walitazamana. Papa akaniweka mapajani.

"Ulisikia, Papa Katekista? Mutoto anaona mambo."

"Watoto wanaona," katekista akasema. "Tutaibariki Jumapili."

Hakuna aliyesimama kwenda kutazama. Hatua chache tu hadi boti. Nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa, na nilikuwa nimesema kweli, na wote wawili walinipapasa kichwa.

Sasa desturi. Kwetu ufukoni, boti ikipata kitu kipya, haivuki kabla ya kubarikiwa. Katekista anakuja baada ya misa na maji na mushumaa. Mushumaa unawashwa, unakaa karibu na kile kitu kipya, watu wanasali, na motere inawashwa huku mushumaa unawaka. Ukibaki na moto mpaka mwisho, safari ni nzuri. Ukizimika, watu wanarudi nyumbani kimya na wake wanaanza kulia mapema. Vitabu vya padiri havisemi hivyo. Ni yetu.

Jumapili ile upepo wa kusini uliamka vibaya. Papa alivaa abakosi yake ya kitambaa cha tergali, viatu mkononi, suruali imekunjwa. Jikleri alikuwa amenyoa. Wanawake wameimba njia nzima kutoka misa. Mimi nilishapanda boti, nimekaa karibu na sanduku la motere, maana upinde ulikuwa wangu na nilitaka kuwa karibu nao watakapouona.

Katekista akawasha mushumaa. Upepo ukaula. Akauwasha tena, akakinga kwa kofia, ukazimika. Nyimbo zikapungua. Niliona wanawake wakivuta kanga mabegani. Mtu mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Boti imekataa."

Papa alisikia. Uso wake ulifunga. "Boti haikukataa. Upepo njo unakataa. Tuushushe chini ndani, pale upepo haufiki."

Pale upepo haufiki. Nimebeba maneno hayo maisha yangu yote. Pale upepo haufiki ndipo ile harufu ilipokuwa imelala, nzito kuliko hewa, imejikusanya wiki nzima.

"Kabla hamjashusha," Mama akaita kutoka mchangani, "mutoe mutoto."

"Mama Feza, leo pia?"

"Mutoe mutoto. Harufu imefika mpaka hapa."

Watu wakacheka, na Papa, mbele ya watu wote, akasema lile neno ambalo hakuweza kulimeza tena: "Kumbe mimba yangu njo fundi mekanisie! Jikleri, umupatie ufunguo!"

Kicheko kikawa kikubwa. Jikleri naye akacheka, akafungua mufuniko wa sanduku, akainama ndani kuipa motere esansi ya kuanzia.

Mama aliingia majini na tumbo lake, kanga ikapanda juu ya maji, akafika, akanishika mkono akanivuta juu ya ukingo kama gunia. Nilimuuma. Nilipiga mateke. Nililia kwamba ananinyima upinde wangu, kwamba ana wivu. Katekista hakuweza kukunja magoti yake kushuka, kwa hiyo Papa alimpokea mushumaa, akauwasha ndani ya viganja vyake, na akapiga magoti kuushusha taratibu kati ya mbao, kwa heshima, kama anamlaza mutoto.

Tulikuwa bado majini. Sikuona. Uso wangu ulikuwa begani mwa Mama. Nilisikia tu, na haikuwa sauti ya bunduki kama wanavyodanganya wengine. Ilikuwa kama mtu mkubwa sana amevuta pumzi. Halafu mgongo wangu ukawa na joto, na maji pande zote yakageuka rangi ya machungwa, na Mama akatuzamisha sote wawili chini ya ziwa.

Katekista alikuwa mbele ya boti, akaangukia majini na kitabu chake. Papa alitoka kwa kuruka, mikono mbele, tergali imemshika ngozi. Jikleri hakutoka.

Boti iliungua mpaka jua linainama, na hakuna aliyeweza kuisogelea. Wanaume walisimama na ndoo mikononi. Mchangani, sufuria yangu ya shaba ilikuwa pale nilipoiacha, bukari ya mchanga imejaa, kijiti kimesimama katikati.

Mama yake Jikleri alikuja kwa treni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye uwanja wetu juu ya kigoda, akaomba kitu cha mwanawe, na Mama akamletea mfuko wa funguo zake za ufundi, uliobaki nyumbani. Papa alikuwa ametoka hospitali, mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko.

"Alikuwa anafanya nini?" mama yule akauliza.

"Alikuwa ananitengenezea boti," Papa akasema.

"Alikuwa fundi?"

"Fundi sana."

Akaitika kwa kichwa, akapanga funguo kwa ukubwa juu ya mapaja yake, akazirudisha mfukoni. Kesho yake akaondoka. Kwetu hakuonekana tena.

Baadaye, bandeji zikiwa bado, Papa alinikuta ninapika. Alichuchumaa, akatazama ndani ya kikombe, akaona lile tundu. Kisha akasema, "Feza, mwaga huo mchanga. Osha. Weka maji." Nikaweka. "Sasa fyonza kwenye tundu." Nikaweka mdomo kwenye shingo ndogo, nikavuta, na maji yote ya kikombe yakaondoka, yakaingia kinywani mwangu, mpaka tone la mwisho. Papa akakaa chini mavumbini.

"Ilikuwa inairudisha esansi," akasema. "Ile chungu ilikuwa inatema, kikombe kinapokea, motere inaifyonza tena. Hata tone halikugusa boti. Mupya nayo ilitema, ila hapakuwa na kikombe."

Niliogopa uso wake, kwa hiyo niliuliza lile nililolijua. "Papa, na upinde? Mungu alitia sahihi."

Alinitazama kama ananisikia mara ya kwanza. "Upinde wa Mungu uko juu, mwanangu. Ule wa chini ulikuwa wetu."

Vidole vyake havikunyooka tena. Hakumiliki boti nyingine. Alikaa mulangoni akitengeneza nyavu kwa meno na viwiko, na aliishi kuwa muzee. Ndugu yangu alizaliwa muzima. Na mpaka mwisho wake Papa alikuwa na tabia moja ambayo wageni waliicheka na sisi hatukuicheka. Kitu chochote kilichoingia nyumbani, samaki, maziwa, dawa, taa ya mafuta, hakukigusa kwanza. Aliita, "Mama Feza, kuja unuse." Na Mama, awe na kazi gani, aliacha, akaja, akainama, akanusa. Akisema hapana, ni hapana.

Mimi nimejenga boti zangu bila mushumaa ndani. Padiri akija, abariki mchangani, na wanaosema mimi mupagano waseme wakiwa hai. Fundi akija kuomba kazi, simuulizi cheti. Wengi wana vyeti kuliko meno. Namsukumia hiki kikombe mezani na kumuuliza ni kitu gani. Wanakigeuza. Wanasema ni cha kuzimia sigara, ni cha mizani, ni cha kanisani. Nawashukuru, nawaonyesha njia.

Mwaka huu alikuja kijana mmoja, mwembamba, hana maneno mengi. Alikishika kwa mikono miwili. Hakukigeuza. Alikipeleka kwanza puani, akafumba macho, akanusa.

Nikamwambia aanze kesho.